Kizazi Moto: Picha Kumi za Katuni na Kipimo cha Kusimulika

Huko Japani picha za katuni za televisheni, ambazo watu wengi duniani huziita anime, hutolewa kwa misimu minne kila mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila msimu uishapo, watazamaji huzipanga picha hizo kwa daraja, ipi iwe ya kwanza na ipi iwe ya mwisho, na ubishi wao huwa mkali kama ubishi wa mpira. Desturi hiyo imeenea mbali na Japani, na vijana wa Afrika Mashariki wamo ndani yake. Aghalabu hukumu zao hutolewa kwa kipimo cha jicho, yaani uzuri wa mchoro, rangi, mapigano na wepesi wa mwendo. Kipimo hicho si kibaya, lakini si cha pekee, na kwa kazi itakayotajwa hapa hakitoshi.

Kazi hiyo ni mfululizo wa picha kumi uitwao Kizazi Moto, uliotolewa na Disney+ tarehe 5 Julai, mwaka wa 2023. Studio iliyoongoza kazi ni Triggerfish ya Cape Town, na msimamizi mkuu alikuwa Mmarekani Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa picha ya Spider-Man: Into the Spider-Verse. Waongozaji wa picha zenyewe walitoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nijeria na Misri. Kila picha yachukua kama dakika kumi, nazo zote zahusu Afrika ya siku zijazo, au Afrika ambayo ingalikuwako kama historia ingalikwenda njia nyingine. Tanzania haikutoa mwongozaji hata mmoja. Lakini jina la mfululizo ni la Kiswahili, na hapo ndipo pa kuanzia.

Watengenezaji walieleza kwamba jina hilo limetoka katika maneno "kizazi cha moto". Mwanafunzi wa sarufi atauliza kwa nini "cha" imeachwa. Jibu ni kwamba Kiswahili chakubali mambo yote mawili. Watu husema "maji ya moto" na husema "maji moto", na neno "moto" katika usemi wa pili hufanya kazi ya sifa bila kuchukua kiambishi chochote. Kwa hiyo hakuna kosa. Hata hivyo kuna tofauti ndogo ya maana. "Kizazi cha moto" chaweza kuwa kizazi kilichozaliwa na moto, au chenye asili ya moto; "kizazi moto" ni kizazi chenye joto sasa hivi, kama chakula kilichoepuliwa jikoni. Tena Mswahili akisikia "kizazi" na "moto" pamoja hawezi kuacha kukumbuka methali isemayo kwamba moto huzaa jivu. Wazee walitumia methali hiyo kwa baba hodari aliyezaa mtoto mlegevu. Watengenezaji hapana shaka hawakuikusudia, lakini neno likishaazimwa huja na jamaa zake. Basi swali limewekwa na jina lenyewe: je, picha hizi zimerithi moto wa hadithi za Kiafrika, au zimerithi jivu lake?

Kwa kulijibu swali hilo yafaa kutafuta mahali pa kusimama, na mahali panapofaa ni Mamboya. Mamboya iko katika milima ya Ukaguru, wilaya ya Kilosa, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa na bara. Wamisionari wa Church Missionary Society walifanya kituo huko, na mmoja wao, J. T. Last, alitunga sarufi ya Kikaguru iliyochapishwa mwaka wa 1886. Miaka mingi baadaye Mmarekani T. O. Beidelman alifanya uchunguzi Ukaguru, na mwaka wa 1961 alichapisha makala juu ya Fisi na Sungura katika hadithi za Wakaguru. Alionyesha kwamba ugomvi wa wanyama hao wawili si mchezo wa watoto tu; ni mfano wa udugu wa upande wa mama, ambao ndio nguzo ya ukoo kwa Wakaguru. Maana yake ni kwamba ajabu katika hadithi hizo ni nyingi, kwa kuwa wanyama hunena na kufanya hila, lakini ajabu si kiini. Kiini ni deni: nani amnyime nani chakula wakati wa njaa, mkubwa adai nini kwa mdogo, mtoto awiwe nini na mamaye. Ukiiondoa ajabu, deni hubaki, na kwa sababu hiyo hadithi huweza kuchukuliwa kichwani na kusimuliwa tena mahali pengine bila kitabu wala picha.

Hicho ndicho kipimo kitakachotumiwa hapa, nacho chaweza kuitwa kipimo cha kusimulika. Mtu aliyeitazama picha, akirudi nyumbani kioo kikiwa kimezimwa, aweza kumsimulia bibi yake kilichotokea, na bibi akataka kujua mwisho wake? Kipimo hiki si cha kubuni kwa ajili ya ubishi. Mfululizo ulipotolewa, Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Tanzania wala Kenya. Kwa watu wengi wa mahali kama Mamboya, njia ya kwanza ya picha hizo kufika ni kinywa cha mtu aliyeziona kwingine.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni Enkai, ya Ng'endo Mukii wa Kenya, aliyejulikana tangu picha yake fupi Yellow Fever ya mwaka wa 2012. Enkai ni mtoto mwenye uwezo wa kuumba. Mamaye, Shiro, ni mlinzi wa dunia, naye amechoka kwa kutengeneza kila siku kile ambacho wanadamu hukibomoa kila siku. Mtoto ataka kuwa na mama, tena ataka kushika kazi ya mama. Ziondoe nyota na anga, hadithi yabaki nzima: mama aliyetoka alfajiri kwenda shambani na kurudi usiku hana nguvu, na binti aliyekaa akimngojea. Jina nalo limechaguliwa kwa ujuzi. Katika Kimaa neno "enkai" ni Mungu, na ni neno la mvua na mbingu pia. Na kiambishi chake cha mwanzo ni cha jinsi ya kike. Kumfanya Enkai msichana basi si uzushi wa mchoraji, bali ni sarufi ya Kimaa iliyopewa mwili. Na kwa kuwa Waparakuyo, ambao husema Kimaa, wakaa katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, jina hilo haliingii Mamboya kama mgeni.

Ya pili ni Moremi, ya Shofela Coker wa Nijeria. Asili yake ni habari za kale za Wayoruba wa Ife: Moremi aliuokoa mji wake na adui, kisha akadaiwa na roho ya mto amtoe mwanawe wa pekee kuwa malipo. Coker ameigeuza habari hiyo kwa kumweka mbele mtoto aliyetolewa. Luo ni roho ya mvulana aliyenaswa katika makao ya miungu, na Moremi ni mwanamke wa sayansi ambaye hana budi kukumbuka jambo lenye uchungu. Masimulizi ya kale humsifu mama. Picha hii yauliza mtoto alihisi nini. Hilo ni swali ambalo hadithi za Fisi na Sungura zingalilielewa mara moja. Kama imeshindwa na Enkai ni kwa sababu moja tu: asiyeijua habari ya Ife hupotea njia mwanzoni, na msimulizi hana budi kuanza na maelezo kabla ya kuanza hadithi.

Ya tatu ni Herderboy, ya Raymond Malinga wa Uganda. Katika ufalme wa Wachwezi wachungaji wawalinda ng'ombe wao na mazimwi ya gizani, na kijana Ndahura ana hamu ya kuhesabiwa miongoni mwa wachungaji hao. Ndahura ni jina kubwa katika masimulizi ya Bunyoro, kwa hiyo Malinga amempa kijana mdogo jina la mfalme, na hadithi yote yatokana na umbali uliopo kati ya jina na umri. Kusimulika, yasimulika sana. Lakini katika Kilosa msikilizaji atakuwa na swali la pili. Mwezi wa Desemba, mwaka wa 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Kwa wasikilizaji wa namna hiyo mfugo si pambo la mchoro, na adui wa mchungaji hakuwa zimwi, alikuwa jirani. Hadithi inayomweka adui gizani humsamehe kila mtu aliye mwangani. Fisi na Sungura hawapewi msamaha huo, kwa kuwa wao ni ndugu. Upungufu huo hauiharibu picha, lakini waizuia isipande juu zaidi.

Ya nne ni Surf Sangoma, ya Nthato Mokgata na Catherine Green wa Afrika Kusini. Ni mji wa Durban mwaka wa 2050, na ukuta mkubwa wauzuia mji na bahari kali. Njabulo ni mwoga. Rafiki yake Mnqobi ajiunga na kundi la vijana wapandao mawimbi usiku kwa nguvu ya pweza waliopigwa marufuku. Neno "sangoma" halihitaji tafsiri ndefu, kwa maana ni mganga. Rafiki aliyeingia kundini na kutumia dawa iliyokatazwa ni jambo linaloeleweka pwani na bara, na ukuta wenyewe waeleweka pia: ni hofu ya mji mzima iliyojengwa kwa mawe.

Ya tano ni First Totem Problems, ya Tshepo Moche. Msichana Sheba angoja siku ya kupokea totemu yake, ishara ya kutambuliwa kuwa mtu mzima, kisha atupwa katika ulimwengu wa wahenga. Mahali ambapo kijana alitolewa utotoni kwa unyago na mafunzo ya wazee, jambo hilo halina ugeni. Picha hii ni ya kuchekesha, na hapo ndipo ilipo hasara yake kwa kipimo hiki. Kichekesho kikubwa chake kimo katika namna ya kunena, na namna ya kunena ndiyo mali ya kwanza kupotea njiani.

Ya sita ni Mukudzei, ya Pious Nyenyewa na Tafadzwa Hove wa Zimbabwe. Kijana mwenye tamaa ya kusifiwa mtandaoni ayadharau magofu ya Zimbabwe Kuu, na kwa ajili hiyo ajikuta katika Zimbabwe nyingine ambayo haikutawaliwa na wageni kamwe. Mtu aliyefanya utovu wa adabu mahali patakatifu akaadhibiwa ni mwanzo mwema wa hadithi. Lakini huko alikotupwa ndiko kwenye shaka. Nchi ambayo haikutawaliwa imeonyeshwa kwa vyombo vya ajabu na mashindano ya mbio, na kumbe lugha itawalayo mazungumzo yake bado ni Kiingereza. Mchoraji ameondoa ukoloni katika majengo na kuuacha kinywani mwa watu.

Ya saba ni Hatima, ya Terence Maluleke na Isaac Mogajane, nayo pia ina jina la Kiswahili. Watu wa baharini na watu wa nchi kavu wapigana vita vya siku nyingi, na Mati, asiye na moyo wa vita, aingizwa humo. Katika Kiswahili "hatima" kwa asili ni mwisho wa jambo, ndiyo sababu twapata "hatimaye". Maana ya majaliwa imekuja kwa kunyooshwa. Yaelekea watengenezaji waliitaka maana ya pili, lakini picha yenyewe yaitumikia zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa swali lake ni vita hivi vitaishaje. Kosa lake ni wingi wa mambo. Ni hadithi ya saa nzima iliyokunjwa katika dakika kumi, na msimulizi atalazimika kuikunjua mwenyewe.

Ya nane ni Stardust, ya Ahmed Teilab wa Misri. Nawara, msichana wa jangwani, aamini kwamba mpiga ramli mwenye hekima ndiye aliyeshika majaliwa yake, kisha ajifunza kwamba majaliwa hayo yamo mikononi mwake. Mchoro ni wa kupendeza. Fundisho ndilo jembamba, kwa kuwa lamtoa mtu katika jamaa zake na kumwacha peke yake na nafsi yake. Mtu asiyedaiwa na mtu hana hadithi ndefu.

Ya tisa ni Mkhuzi: The Spirit Racer, ya Simangaliso Sibaya na Malcolm Wope. Ni mbio za magari za kijana aliye nusu Mzulu na nusu mtu wa sayari nyingine, dhidi ya mwonevu aitwaye Ogun. Kwa kipimo cha jicho yamkini ingalikuwa ya kwanza, maana mwendo wake ni wa kasi na rangi zake zawaka. Lakini mbio zikisimuliwa, husalia maneno mawili: walishindana, mmoja akashinda.

Ya kumi ni You Give Me Heart, ya Lesego Vorster, inayoonyesha ulimwengu ambamo mungu hupanda au hushuka kwa wingi wa wampendao. Dhihaka hiyo ni ya haki, na yapiga mahali panapostahili. Ila mtu akishaelezwa dhihaka, amekwisha kuipata yote. Picha yaongeza urembo wala haiongezi tukio. Na kuna jambo moja la kuchekesha ambalo picha haikuligusa: yenyewe ilikuwa ikitolewa na kampuni ihesabuyo watazamaji.

Kuna atakayesema kwamba daraja hizi zamdhulumu mchoraji, kwa kuwa katuni ni kazi ya jicho, na kuipima kwa sikio ni kama kupima nguo kwa kibaba. Neno hilo lina haki yake. Picha iliyo ya tisa hapa si picha mbaya, na hakuna hata moja kati ya kumi iliyochorwa kwa uvivu. Lakini mfululizo uliojitwalia jina kutoka Kiswahili umejitwalia pia wajibu kwa wasemaji wa lugha hiyo, na wajibu wa kwanza ni kwamba kazi iweze kunenwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo ulipo upungufu wa mfululizo mzima, wa kwanza hata wa kumi. Jina ni la Kiswahili, na mazungumzo ni ya Kiingereza kilichonyunyiziwa maneno ya Kiafrika hapa na pale. Kiswahili kimewekwa mlangoni kama kibao cha duka, na ndani ya duka hakiuzwi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba katuni hazisemi Kiswahili. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2014, yafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili chepesi na nyimbo. Tena Tanzania ina fani yake ya watu waliosimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za asili, wakieleza, wakitania, na kumpa kila mhusika tabia ya mtu wa mtaani. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa mashuhuri katika kazi hiyo, na mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings ameieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 2015. Wasomi wengi waliidharau kazi hiyo kuwa ya vibandani. Kumbe ndiyo iliyokitumia kipimo cha kusimulika kabla ya wahakiki: picha isiyosimulika ilimshinda msimulizi, na watazamaji waliondoka.

Lakini haki yataka neno moja zaidi, nalo ni zito kwa wapenzi wa Kiswahili. Malalamiko haya juu ya Kiingereza Mkaguru aweza kuyarudisha juu ya Kiswahili chenyewe. Tangu mwaka wa 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi Tanzania, na Kikaguru hakikupewa nafasi darasani. Sarufi ya Last haikuwa kitabu cha shule. Hadithi za Fisi na Sungura zilizoandikwa na wageni zasomwa katika vyuo vikuu vya mbali kuliko zinavyosomwa Mamboya. Anayedai kwamba jina lisiazimwe bila sauti hana budi kukubali deni hilo. Hii haifuti hoja dhidi ya mfululizo, yaipanua. Picha ikifika Mamboya kwa Kiswahili itakuwa imefika nusu ya njia, na nusu iliyobaki itakwenda kwa Kikaguru kinywani mwa bibi.

Kwa muhtasari, katika picha kumi tatu za kwanza zina moto wa kweli, kwa kuwa ndani yake mtu amdai mtu: mtoto amdai mama kuwapo kwake, mwana aliyetolewa adai kukumbukwa, kijana adai nafasi yake kati ya wachungaji. Tatu zinazofuata zina moto pia, ingawa kuni ni chache. Nne za mwisho zang'aa bila kuchoma. Lililo karibu la kufanywa ni kuzitia sauti ya Kiswahili tatu za kwanza, kwa ruhusa ya wenyewe na kwa kinywa cha msimulizi hodari, si kwa tafsiri ya neno kwa neno. Zikumbuke dakika zake: ni tatu za dakika kumi kumi, kazi isiyozidi nusu saa ya kusikiliza. Baada ya hapo hukumu ya daraja hizi itakuwa imehama mikononi mwa mhakiki, na watakaoitoa ni wasikilizaji wenyewe, kwa kusimulia au kwa kunyamaza.